Muhtasari wa Mistari Kumi na Miwili

Siku yangu ya kwanza kazini katika boma la Arusha sikupewa kalamu. Nilipewa kapu la takataka.

Nilikuwa kijana wa pwani, kanzu yangu imepigwa pasi, miguu imevimba kwa mwendo wa siku nyingi kutoka pale reli ilipokuwa imeishia wakati ule. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa wenzangu wote wa darasani, na nilikuwa nimekuja kuuonyesha. Karani Mkuu, mzee wa Pangani mwenye ndevu nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi, aliitikia shikamoo yangu, akasoma barua yangu ya kazi, akanitazama nilivyokuwa nikitetemeka kwa baridi ya Meru. Kisha akanisukumia kapu kwa mguu.

"Kaa chini, mwanangu. Soma hayo."

Ndani mlikuwa na vipande vyembamba vya karatasi, vyote vimekatwa kwa mkasi. Kimoja kilisema, "na mashahidi wake wawili wako nje wanangoja." Kingine, "lakini ng'ombe huyo alikwisha kumrudisha." Kingine kilikuwa na maneno matatu tu, "naye ni kiziwi." Nikauliza ni vya nini.

"Hiyo ni mikia," akasema. "Bwana Shauri husoma mistari kumi na miwili. Ukiandika wa kumi na tatu anaukata kwa mkasi wake na kuutupa. Kila mkia humo ni mtu aliyekuwa na haki, ila karani wake alikuwa na domo."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alinikalisha na kapu lile mpaka adhuhuri, nikavisoma vyote, na nilipoinuka hamu ya kujionyesha ilikuwa imenipungua kidogo. Kidogo tu, kwa maana nilikuwa kijana.

Nyinyi mnaosoma leo mmezaliwa Wadachi, yaani Wajerumani, wamekwisha kuondoka, basi niwaeleze kazi ilivyokuwa. Bwana Shauri alikuwa Mdachi aliyewekwa kusikiliza kesi za watu. Meza yake ilikuwa na vitu vitatu: mhuri, rula na mkasi. Ukutani nyuma yake kilining'inia kiboko, na hicho sihitaji kuwaeleza. Watu walikuja barazani, wakasema kwa Kimaa au Kimeru. Mkalimani akageuza maneno yao kwa Kiswahili. Karani akayaandika yote katika kitabu cha mashauri, kisha akatoa humo karatasi moja fupi, na karatasi hiyo ndiyo tuliyoiita muhtasari. Shauri dogo Bwana Shauri aliliamua mwenyewe kwa karatasi ile. Shauri kubwa, karatasi ilipelekwa na tarishi hadi boma kubwa la wilaya. Huko Bwana Mkubwa, ambaye hakumwona mtu wala kusikia sauti yake, aliamua kwa yale yaliyoandikwa. Kwa hiyo, vijana, mtu alisimama barazani na mwili wake wote, lakini kwa Bwana Mkubwa alifika akiwa mistari kumi na miwili.

Neno lenyewe nilifundishwa na Karani Mkuu, tena si kwa siku moja. Alisema muhtasari ni wa namna nyingi. Uko muhtasari wa barua, yale maneno mawili matatu unayoyaweka juu ili mkubwa ajue kama aisome sasa au aiache. Uko muhtasari wa shauri. Uko wa mdomo, pale mkubwa anapokuuliza mlangoni, "Kuna nini?" nawe una pumzi moja tu ya kumjibu. Na alikotoka yeye, chuoni, viliitwa hivyo hata vile vitabu vidogo vya dini ambavyo mwalimu hukaa navyo mwaka mzima akivifafanua. "Kitabu chembamba," alikuwa akisema, "lakini mwulize aliyekihifadhi kama ni chembamba."

Mimi nilisikia neno moja tu katika hayo yote: fupi. Nikawa hodari wa kufupisha. Kesi ya siku nzima niliitia katika mistari tisa, minane. Bwana Shauri akaweka rula, akahesabu, akatikisa kichwa kwa furaha. "Fundi," akaniita. Jina likanipanda kichwani kama tembo la mnazi. Makarani wenzangu wakikatwa mikia yao, mimi nilipita na kanzu yangu nikiwapa pole.

Ndipo likaja shauri la mfereji.

Mitelemko ya Meru juu ya Sekei ina mifereji, na ilikuwa nayo kabla ya boma. Maji huchepushwa kutoka mtoni mahali panapoitwa banio, yakashuka yakipinda kwenye migomba na mashamba ya maharage. Mzungu mmoja mlowezi aliyekuwa amepewa shamba pale jirani alitaka mfereji mmoja ugeuzwe uende kwake. Alisema si mfereji, ni kijito cha Mungu, hakina mwenyewe. Wazee wa Kiarusha wapatao arobaini wakaja barazani kusema kina wenyewe. Maji yale yakiondoka, nyumba zao zote zingehama.

Msemaji wao alikuwa Mzee Loserian, mrefu, mwembamba, masikio yametogwa, ameshika rungu jeusi la uongozi. Alisimama akaanza kusalimu. "Nawasalimu kwa Lemayan, wa banio. Nawasalimu kwa Oloishiro, wa mwamba wa kwanza." Kila jina wazee wote wakaitikia kwa mngurumo mmoja. Akalieleza jina hilo, baba yake, rika lake, ng'ombe aliyechinjwa siku ile, halafu akaenda jina jingine. Jua likapanda, likashuka. Siku ya pili akaendelea.

Nikamwuliza Mkalimani kwa sauti ya chini, "Anasemaje?"

"Bado anasalimia," Mkalimani akajibu huku akipiga miayo.

Nasi watu wa pwani tunajua salamu. Barua yetu huanza kwa salamu nusu ya karatasi, na kila karani anajua kwamba habari yenyewe huja baada ya "ama baada ya salamu." Basi nikaweka kalamu chini, nikangoja baada ya salamu. Baada ya salamu Mzee Loserian alisema, "Basi, maji ni yetu," akaketi.

Muhtasari wangu ulikuwa na mistari saba. Niliandika kwamba wazee wamesalimia sana, wametaja wahenga wao, na wamedai maji ni yao. Bwana Shauri akahesabu kwa rula. "Saba! Fundi kweli." Tarishi akauchukua. Siku hiyo nilitembea sokoni kama mtu aliyeoa.

Jibu lilirudi mwezi ule ule. Mkalimani aliwasomea wazee barazani: wenye madai hawakuleta ushahidi wowote. Wakiwa nao waulete kabla mwezi mwingine haujaandama. La sivyo mfereji ugeuzwe.

Mzee Loserian hakumtazama Bwana Shauri wala Mkalimani. Alinitazama mimi, kwa kuwa alikuwa ameniona na kalamu siku zote mbili.

"Karani," akasema, "tumesema siku mbili. Yale majina uliyapeleka wapi?"

Naandika haya nikiwa mzee na bado uso unanipata moto. Nilikwenda kwa Karani Mkuu nikamweleza yote, nikitumaini atanituliza. Alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akanitazama.

"Umemenya ndizi vizuri sana, Fundi," akasema. "Halafu ukatupa ndizi ukapeleka maganda."

"Zilikuwa salamu tu, mzee wangu."

"Kwenu salamu ni mlango. Umewauliza wao kwao ni nini?"

Sikuwa nimeuliza. Nikamwomba aniombee kwa Bwana Shauri. Akakataa. Alisema kosa lina mwenyewe kama mfereji ulivyo na wenyewe, nami niende kwa miguu yangu. Nikaenda. Nikasimama mbele ya meza ile, nikasema kwamba wazee walileta ushahidi, ila mimi niliuacha katika kitabu, tena hata kitabuni sikuuandika wote. Bwana Shauri aligeuza kichwa polepole akatazama ukutani, kwenye kile kiboko.

"Siku kumi," akasema. "Karatasi mpya. Mistari kumi na miwili. Ukikosea, ishirini na tano, halafu pwani."

Niwaambie ukweli, viboko havikuniuma roho kama lile swali la mzee.

Kesho yake nilipanda kwa Mzee Loserian pamoja na Mkalimani. Niliinamisha kichwa anishike, kama vijana wa Kiarusha wanavyowaamkia wazee wao, naye baada ya kunitazama kitambo akaweka kiganja chake. Nikamwomba anisalimie upya, niyasikie majina yote. Akasema, "Hayasikiwi ukiwa umekaa. Twende."

Tukaenda hadi banio, tukashuka na maji. Kumbe kila jina lilikuwa na mahali pake. Lemayan alifungua banio, na jiwe lake bado lipo, limekatwa ncha kwa chuma. Oloishiro alizungusha maji kwenye mwamba, na hapo pana sale, ule mmea wa majani marefu wanaopanda kuonyesha mpaka na amani. Kila aliyechimba alichimba kipande chake, akaweka alama yake, akafuatwa na mwingine, mpaka shamba la mwisho la maharage chini kabisa. Watu kumi na wawili wa marika matatu. Zile siku mbili barazani mzee alikuwa akiutembeza mfereji mzima kwa mdomo, hatua kwa hatua, na kila mngurumo wa wazee ulikuwa ushahidi wa watu arobaini kwamba ndivyo. Mimi nikaandika kwamba wamesalimia sana.

Nikaanza kuandika upya nikiwa nimekaa nyumbani kwake. Kila mchimbaji mstari mmoja: jina, rika, kipande chake, alama inayoonekana kwa macho. Kichwa cha karatasi hakikuhesabiwa, nacho nilikiandika hivi: "Mfereji huu umechimbwa na watu." Ila mstari wa kwanza haukuwa wangu. Ulikuwa wa salamu kwa Bwana Mkubwa, mtukufu, mwenye nguvu, Mungu amweke. Karatasi bila salamu hiyo haikuwahi kutoka bomani. Nikabaki na mistari kumi na mmoja kwa watu kumi na wawili.

Nikafikiri, nikapata njia. Wawili walikuwa ndugu, Melita na Saitoti, vipande vyao vimefuatana. Nikawaweka pamoja: "Melita na nduguye." Ikatosha barabara. Nikajipongeza kimoyomoyo, yule Fundi alikuwa hajafa.

Mke wa Mzee Loserian, tuliyemwita Yeyo Nashipai, yeyo ni mama kwao, alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage makavu. Alimwambia Mkalimani aniulize ninafanya nini siku zote hizo na kikaratasi kidogo hivyo. Nikajitahidi kumweleza muhtasari: maneno mengi yamefanywa machache. Akacheka, akaokota maharage kiganjani.

"Haya nayo yalikuwa makubwa, yakapungua," akasema. "Lakini nikiyatia majini jioni yanarudi kama yalivyotoka shambani. Yaliyooza hayarudi. Loweka maneno yako tuone."

Basi wakaitwa wazee. Nikawa nasoma mstari mmoja, Mkalimani anaugeuza kwa Kimaa, kisha nanyamaza. Na kwa kila mstari mzee mmoja alisimama akausema kwa kirefu, baba, rika, ng'ombe, siku ile, kama ulivyokuwa barazani. Ulirudi! Mstari baada ya mstari uliumuka mbele ya macho yangu, nami nilikuwa karibu kulia kwa furaha. Mpaka "Melita na nduguye." Mzee mmoja akasimama akamsema Melita. Hakuna aliyesimama tena.

"Nduguye yupi?" Yeyo Nashipai akauliza kutoka mlangoni. "Hana jina? Hapo maji yamekatika."

Ndipo nikaambiwa habari za Saitoti. Kipande chake kilikuwa kifupi kuliko vyote, hatua kama thelathini, lakini kilipita chini ya mwamba. Mwamba ulimwangukia humo humo akiwa na jembe mkononi, na wenzake wakamalizia kuchimba wakimzunguka. Maji yanapita juu ya kaburi lake. Mlowezi alipotaka kuugeuza mfereji, kilichowaumiza wazee wale kuliko mashamba yao ni hicho. Nami nilikuwa nimemwita nduguye ili nipate nafasi ya kumwambia Bwana Mkubwa kwamba ni mtukufu.

Nikaiweka kando karatasi ile. Kisha nikachukua nyingine, nikaandika kichwa, na katika mstari wa kwanza nikamwandika Lemayan. Watu kumi na wawili, mistari kumi na miwili. Salamu za Bwana Mkubwa hazikuwamo.

Karani Mkuu aliisoma kwa kuinyooshea mkono mbali, akairudisha bila kunitazama. "Una mgongo mzuri?" akauliza. Nikamwambia ninao mmoja tu. "Basi nenda nao."

Bwana Shauri aliweka rula. Akahesabu hadi kumi na mbili. Akarudi juu. Akachukua mkasi, akaushika wazi.

"Salamu ziko wapi?"

"Bwana," nikasema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine, "nafasi ya salamu amekaa mtu aliyekufa akichimba. Karatasi haikuwatosha wote wawili."

Alisoma tena, safari hii polepole, kidole kikishuka. Kisha akainuka, akavaa kofia, akasema, "Twende. Nione."

Tulipanda mpaka banio, yeye na karatasi, mimi nyuma yake, wazee wakitusindikiza ukingoni. Mstari wa kwanza, jiwe lililokatwa ncha. Mstari wa pili, mwamba na sale. Alikuwa akiweka kidole kwenye mstari, akitafuta alama, akiiona, akitia nukta kwa penseli. Hakuna hata mmoja uliokosa. Alipofika kwa Saitoti alisimama. Alitazama mwamba, akatazama maji yakiingia chini yake, akavua kofia. Sikumpenda Bwana yule, wala wakati wake siutamani, lakini aliivua, nami siwezi kuandika kwamba hakuivua. Aliporudi bomani aligonga mhuri kwenye karatasi yangu bila kuongeza salamu, tarishi akaondoka nayo.

Jibu lilikuja kabla mwezi haujaandama. Mkalimani, ambaye safari hii hakupiga miayo, alilisoma kwa sauti ya kufika sokoni: mfereji umechimbwa na watu, ubaki na watu. Wanawake walipiga vigelegele mpaka farasi wa boma wakakata kamba. Mzee Loserian akaja hadi mezani kwangu, akanitemea mate utosini, ambayo kwao ni baraka kubwa, nami sikuyafuta mchana kutwa. Karani Mkuu akanipigia hodi jioni ile na kikapu cha ndizi mbivu. "Hizi," akasema, "kula ndizi zenyewe."

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi. Nilipelekwa Oldonyo Sambu chini ya Bwana Daktari wa Ng'ombe wakati wa karantini, nikajifunza kuutia ugonjwa wa zizi zima katika mistari minne. Vita vikaja, Wadachi wakaondoka, Waingereza wakaingia na taipu zao, na Bwana mpya akaniuliza kwa nini huwa siandiki zaidi ya mistari kumi na miwili. Nilimwambia ni ugonjwa wa zamani. Kila karani kijana aliyeletwa kwangu nilimpa kwanza kapu. Sikuwa na mikia ya kumwonyesha, basi nilimwekea kikaratasi kimoja tu, nilichoandika mwenyewe: "Melita na nduguye." Aliyeuliza nduguye ni nani, nilijua atakuwa karani.

Siku hizi neno langu limetembea. Chama cha ushirika cha kahawa kina muhtasari wa mkutano, na shule ya mjukuu wangu ina muhtasari wa masomo. Nafurahi. Ila nikisomewa ule wa ushirika namwuliza katibu, "Ukiloweka, utarudi?" Ananiona mzee wa maneno mengi.

Wenye mfereji husafisha mfereji wao kila mwaka kabla ya mvua, na mwaka huu walinialika. Mzee Loserian na Yeyo Nashipai wamekwisha kutangulia. Rungu jeusi sasa analishika mjukuu wao. Aliwasimamisha vijana kwenye banio na majembe yao, akaanza, "Nawasalimu kwa Lemayan, wa banio." Tukashuka na maji, jina baada ya jina, mngurumo baada ya mngurumo. Kwa Saitoti wote walivua viatu. Nilikuwa nahesabu kwa vidole, mazoea hayafi, na tulipofika shamba la mwisho la maharage nilikuwa nimefika kumi na mbili. Nikageuka kutafuta mahali pa kukaa.

"Na nawasalimu," kijana akaendelea, "kwa karani wa boma, aliyewanyima wakubwa salamu zao akampa Saitoti."

Wazee wakanguruma. Nikainua kidole cha kumi na tatu, nikatazama nyuma yangu kama kuna mtu ameshika mkasi.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na maji tu, yanashuka kwenye maharage.